Mafuta Yanayonuka Moshi: Daftari la Njiani

Kurasa hizi nimezipanga kwa hoja, si kwa tarehe. Nilikuwa nafuata kitu kimoja: watu wanavyoigeuza lignini, ile sehemu ngumu ya mmea inayoupa mti na bua nguvu ya kusimama, ikawa mafuta ya kuchoma. Kila nilipofika nililinganisha na niliyoyaacha nyumbani, na mara nyingi nyumbani ndiko kulikonifafanulia ya ugenini.

Hengelo, Uholanzi

Kiwanda cha Hengelo ni kidogo kuliko sifa zake. Jirani yake mkubwa ni kiwanda cha chumvi, na mpita njia asiyeambiwa angekidhania kuwa sehemu ya hicho cha chumvi. Lori moja huingia na mbao zilizosagwa, likamwaga, likaondoka. Upande wa pili lori la tangi hujazwa kimiminika cheusi chenye wekundu kwa mbali. Baina ya malori hayo mawili kuna mabomba, mnara na moto usioonekana.

Mbao kavu iliyosagwa hukutanishwa na mchanga wa moto wenye nyuzi joto 500 hivi, ndani ya koni ya chuma inayozunguka kwa kasi, na oksijeni haipewi nafasi ya kuingia. Bila oksijeni mbao haiwaki. Inavunjika tu, na kabla hazijapita sekunde 2 imeshakuwa mvuke. Mvuke huo hupoozwa papo hapo, na sehemu yake kubwa hugeuka kimiminika. Mkaa unaobaki huchomwa kuupasha moto mchanga, na mchanga hurudi kazini. Wenyewe huiita pirolisisi ya haraka. Tani 1 ya mbao kavu na safi inaweza kutoa kilo 650 hadi 700 za mafuta. Koni ilibuniwa Chuo Kikuu cha Twente, katika mji jirani wa Enschede, na kiwanda kilianza kazi mwaka 2015 kwa jina la Empyro, kikiwa na uwezo wa kula tani 5 za mbao kwa saa.

Nilinusishwa kichupa. Ni moshi mtupu wa jiko la kuni, mkali kiasi cha kukutoa machozi. Huko Wisconsin, Marekani, kampuni ya Red Arrow iliuza kwa miaka mingi kimiminika cha ukoo huu kwa watengeneza soseji, ili waitie nyama ladha ya moshi bila kuifukiza. Kwa hiyo kabla ya kuwa nishati, mafuta haya yalikuwa kiungo cha chakula.

Tabia zake si za kumvutia fundi wa magari. Karibu robo yake ni maji. Ukali wake ni wa pH 2 hadi 3, kwa hiyo hula chuma cha kawaida na lazima yahifadhiwe katika tangi la chuma kisichoshika kutu. Hayachanganyiki na dizeli. Yakikaa sana huwa mazito, kwa sababu chembe zake huendelea kushikana zenyewe kwa zenyewe. Joto lake ni megajuli 16 hadi 19 kwa kilo, ilhali mafuta mazito ya viwandani hutoa 40 hivi. Mtu akikuambia kwamba mabua ya shamba lako yataendesha pikipiki kesho, mwombe akuonyeshe tangi lake kwanza.

Lakini boila haina makuu. Mafuta ya Hengelo yalipelekwa kwenye kiwanda cha maziwa huko Borculo, si mbali na hapo, yakachomwa badala ya gesi asilia. Mvuke wa ziada ukauzwa kwa jirani wa chumvi. Nikaandika kando ya ukurasa: mbao, chumvi, maziwa. Nadhani wahandisi waliobuni koni watanisamehe nikisema kwamba kilichokibeba kiwanda hiki ni ujirani kuliko koni.

Jambiani, Unguja

Maji yakitoka Jambiani, ufuo hubaki wazi hadi karibu na mwamba, na hapo ndipo unapoviona viduara vya mawe. Chini yake yamezikwa makumbi ya nazi. Wanawake huyafukia kwenye tope na mchanga unaofunikwa na maji kujaa, huyawekea mawe yasichukuliwe na mawimbi, na kuyaacha miezi kadhaa. Yakifukuliwa hupondwa kwa gongo, hukoshwa, na kinachobaki ni usumba wa kusokotea kamba. Aliyekulia pwani haambiwi harufu ya siku ya kufukua.

Mmea umejengwa kwa vitu vikuu 3: selulosi, hemiselulosi na lignini. Vijidudu vya topeni hula vilaini vinavyozishikamanisha nyuzi, lakini nyuzi zenyewe haviziwezi, kwa kuwa zimesheheni lignini. Katika mti wa kawaida lignini huwa asilimia 20 hadi 30 ya uzito mkavu; katika mabua ya ngano, 15 hadi 20 hivi; katika nyuzi za makumbi hupita 40. Mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Augustin Pyramus de Candolle, ndiye aliyeipa lignini jina lake mwaka 1813. Wasokota kamba walishaijua tabia yake zamani, na walishaipa kazi.

Ubishi wa lignini unatokana na umbo lake. Selulosi ni mnyororo, sukari kwa sukari, na anayejua kukata kiungo kimoja anajua kuvikata vyote. Lignini imefumwa kwa pete za ukoo wa fenoli zilizoshikana huku na kule kwa viungo vya aina nyingi. Joto likiipasua haitoi kitu kimoja cha kuuzika, hutoa mchafukoge: guaiakoli, siringoli, kresoli, katekoli na wenzao kwa mamia. Guaiakoli na siringoli ndizo harufu ya moshi niliyoinusa Hengelo. Na ukiyamimina mafuta yale kwenye maji, sehemu ya sukari huyeyuka na chini hutuama tope la kahawia linalonata, ambalo ndilo lignini iliyovunjika nusunusu. Tope hilo ndilo lenye nishati zaidi, na ndilo gumu zaidi kusafisha.

Bibi mmoja niliyemkuta akiponda, baada ya shikamoo na marahaba, alinisikiliza mpaka mwisho na habari zangu za Uholanzi. Kisha akauliza mafuta hayo ni ya kukaangia nini. Nikamwambia, ni ya kuchoma kwenye boila.

"Makumbi mbona yanawaka yenyewe, mwanangu?"

Katika mikutano yote niliyohudhuria kuhusu jambo hili, hakuna aliyeuliza swali zuri kuliko hilo. Kugeuza kitu kinachowaka kuwa kitu kingine kinachowaka, tena kwa kupoteza sehemu ya joto lake njiani, lazima kuwe na sababu. Sababu zipo: kimiminika hupitishwa kwenye bomba, huhifadhiwa tangini pasipo kuliwa na mchwa, hubebwa mbali kwa lori moja badala ya kumi, na hulishwa kwenye boila iliyojengwa kwa ajili ya mafuta. Pasipo na hata mojawapo ya hizo, bibi ameshinda kesi.

Oulu na Joensuu, Finland

Oulu iliishi kwa lami ya misonobari. Katika karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za bidhaa hiyo duniani. Wakulima wa Kainuu waliichoma msituni na kuiteremsha mtoni katika mashua ndefu nyembamba, kisha merikebu zikaipeleka kwa wenye meli za mbao. Mwaka 1854, wakati wa Vita vya Krimea, manowari za Uingereza ziliteketeza akiba ya lami hapo Oulu, ingawa Waingereza wenyewe walikuwa wanunuzi wakubwa wa lami hiyo. Vita havina duka la jirani.

Tanuri lao lilikuwa shimo pana lililochimbwa kwenye mteremko, sakafu yake ikiinamia katikati na kutandikwa magome. Magogo ya msonobari yalipangwa kuelekea katikati, yakafunikwa nyasi na udongo, yakawashwa kwa pembeni na kuachwa yafukute kwa siku nyingi. Lami ilichuruzika hadi katikati, ikaingia kwenye bomba la mti, na kutoka huko ikaanguka kwenye pipa. Ni lignini na utomvu, vimevunjwa kwa joto lenye njaa ya hewa. Pirolisisi hiyo, ila ya polepole.

Nikakumbuka Handeni. Tanuri la mkaa la Handeni ni ndugu wa lile la Kainuu: magogo hupangwa, hufunikwa majani na udongo, huwashwa, na mchomaji hukaa akiusoma moshi. Ukiwa mweupe na mzito, maji bado yanatoka. Ukiwa mwembamba wa buluu, mkaa unakaribia kuiva. Tofauti yao ni bomba. Mfini alitaka lami, na mkaa ulikuwa faida ya ziada. Mchomaji wetu anataka mkaa, na kila kilichomo katika moshi ule mzito wa kahawia kinakwenda zake angani au kunywewa na udongo. Kilo 100 za kuni humrudishia kilo 10 hadi 20 za mkaa. Senegali wana tanuri la Casamance, lenye bomba la moshi lililoundwa kwa mapipa, ambalo huongeza mkaa na kukinga sehemu ya lami. Ni teknolojia ya mafundi bati. Kama sitaruhusiwa kutoka na kitu kingine katika safari hii, nitatoka na hilo bomba.

Wavuvi na manahodha wetu hawakuihitaji lami. Mbao za jahazi zilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, na chini ya maji zikasilibwa kwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Sisemi walikosa. Walikuwa na papa.

Joensuu, mashariki ya nchi, ndipo lami ya kale ilipopata mjukuu. Mwaka 2013 kampuni ya Fortum ilifungua kiwanda cha mafuta ya mbao kilichobanana na mtambo uliokuwa tayari ukiupa mji umeme na joto, kwa uwezo wa tani 50,000 kwa mwaka. Ujanja wao ni mwepesi: mchanga wa moto ulishakuwemo ndani ya boila kubwa ya mji, kwa hiyo wakauazima. Mkaa na gesi isiyoganda hurudi kwenye boila hiyohiyo. Hakuna kinachotupwa, na kinachojengwa upya ni nusu ya kiwanda tu.

Na swali la bibi? Wafini wana jibu. Mbao zinazowaka zenyewe wanazichoma kama zilivyo, kwa wingi. Mafuta ni kwa ajili ya boila ndogo za akiba zinazowashwa siku za baridi kali, ambazo zilijengwa kwa mafuta mazito na hukaa bila kazi sehemu kubwa ya mwaka. Hizo huwezi kuzilisha magogo. Kiwanda kimekwisha kubadilisha wenyewe, na mtindo wa kujenga ubavuni mwa kiwanda kingine umeenea: karibu na Gävle, Sweden, kilifunguliwa kingine mwaka 2021 kando ya kiwanda cha kupasua mbao, nacho hupeleka mafuta yake kwenye kinu cha kusafishia mafuta huko Lysekil. Kule yanasafishwa pamoja na mafuta mengine kwa haidrojeni na vichocheo, na hapo ndipo safari ya kwenda kwenye gari inapowezekana. Kinu kile kilikuwepo, na haidrojeni yake ilikuwepo.

Karlsruhe, Ujerumani

Yote niliyoyaona hadi hapo yalikuwa ya mbao. Karlsruhe nilikwenda kwa ajili ya mabua ya ngano, ambayo ndiyo yanayofanana na tulicho nacho mashambani.

Mahali penyewe pana kichekesho chake: zamani palikuwa kituo cha utafiti wa nyuklia. Leo ni sehemu ya Taasisi ya Teknolojia ya Karlsruhe, na mtambo wake wa majaribio uitwao bioliq ulijengwa kula kilo 500 za mabua kwa saa. Badala ya koni wametumia skrubu mbili ndefu zinazozunguka sambamba, zikichanganya mabua na chembe za moto.

Mabua yana kiburi, na kiburi chake ni majivu. Mbao safi isiyo na magome huacha majivu chini ya asilimia 1. Mabua huacha mara kadhaa ya hapo, na ndani yake mna potasiamu na klorini. Potasiamu inafanya kazi ya kichocheo bila kuajiriwa: mvuke unaotakiwa kuwa mafuta inauvunja ukawa maji na gesi. Badala ya kilo 650 kwa tani unaambulia pengine 500, na zenyewe hujitenga tabaka mbili, moja ya majimaji na moja ya lami. Klorini nayo inakula mabomba. Watu wengi wanaoandika kuhusu utajiri wa taka za shambani huzidisha tani za mabua kwa matokeo ya mbao, na hapo hesabu huwa imekufa kabla haijazaliwa.

Wajerumani wameamua kutobishana na mabua. Mafuta mabovu na mkaa uliosagwa wanavichanganya pamoja vikawa uji mweusi, na uji huo wanauona kuwa ndiyo bidhaa. Wazo lao ni hili: mitambo midogo mingi isambae vijijini, kila mmoja upokee mabua ya mashamba ya karibu na kuyageuza uji, uji usafirishwe kwa treni hadi kiwanda kimoja kikubwa, kikaugeuze gesi kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,200 na mgandamizo wa angahewa 80 hivi, na kutokana na gesi hiyo kiunde petroli. Katika ujazo uleule, uji una nishati zaidi ya mara 10 ya mabua. Lori la mabua, hata yakifungwa marobota, hubeba hewa kwa sehemu kubwa. Bibi wa Jambiani angelikubali jibu hili haraka kuliko yote: mabua yanawaka yenyewe, ila hayatembei yenyewe.

Sehemu zote za mnyororo ule zilifanya kazi, kutoka bua hadi petroli. Mitambo midogo mingi vijijini ndiyo ambayo sikuiona.

Panipat, Haryana, India

Hapa nilipita haraka, msimu wa kuvuna mpunga, na hewa ilikuwa nzito mno. Mkulima wa Punjab na Haryana ana wiki chache tu kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano, basi huwasha moto shamba zima, na moshi huifuata Delhi. Mnamo Agosti 2022 Indian Oil ilifungua Panipat kiwanda cha kutengeneza ethanoli kwa majani ya mpunga, kilichosanifiwa kutumia tani 200,000 kwa mwaka. Ethanoli hutoka kwenye selulosi. Lignini haichachuki, hivyo hubaki, na viwanda vya namna hiyo kwa kawaida huipeleka kwenye boila. Kinachonihusu zaidi ni kalenda: kiwanda kinataka kula mwaka mzima, na shamba linapakua kwa wiki chache. Anayejenga kiwanda cha mabua anajenga kwanza ghala.

Ubaruku, Mbarali

Ghala la Ubaruku ni vichuguu vya pumba za mpunga nyuma ya mashine za kukobolea. Wageni wanaokuja na michoro ya mitambo yao huvitamani sana. Nami niliingia na hamu hiyohiyo, nikauliza zinakwenda wapi. Nikaonyeshwa: za kuchomea matofali, za kutandika mabanda ya kuku, na zilizobaki zinachomwa kupunguza chungu. Majani ya mpunga yenyewe wafugaji huyafuata shambani mara baada ya mavuno. Ng'ombe wa Usangu wana hisa katika mradi wowote wa bio-mafuta, hata kama mwekezaji hajawaona.

Hali ni hiyo kwingine pia. Hima, magharibi ya Uganda, kiwanda cha saruji kimekuwa kikichoma maganda ya kahawa kupunguza makaa ya mawe. Arusha Chini, karibu na Moshi, makapi ya miwa huingia kwenye boila ya kiwanda cha sukari, yakatoa mvuke na umeme. Kuyatoa makapi hayo kinywani mwa boila, kuyakausha, kuyageuza mafuta, kisha kuyarudisha kwenye boila nyingine, ni kazi ya mtu aliyepewa ruzuku.

Pumba za mpunga zina lake jambo jingine. Majivu yake ni asilimia 15 hadi 20, karibu yote silika, na silika ni msasa. Fundi wa mashine za kukoboa alinionyesha jinsi vyuma vinavyolika kwa kupitiwa na pumba tu, pasipo moto. Mwenye koni ya Hengelo afikiri vizuri kabla ya kuzikaribisha.

Kampuni dada ya wale wa Hengelo iliwahi kujaribu taka za kilimo cha nchi za joto: mwaka 2005 mtambo wao ulianza kutumia makapi ya vikonyo vya mchikichi huko Malaysia. Walipokuja kujenga kwao wenyewe, walichagua mbao. Wenye michikichi Kigoma wanaweza kujifunza hapo bila kulipia ada.

Sarpsborg, Norwei

Penye maporomoko ya mto Glomma kuna kiwanda cha Borregaard, kilichoanza mwaka 1889 kikitengeneza rojo ya karatasi kwa miti ya misprusi. Wao lignini hawaivunji ovyo kwa moto. Wanaiyeyusha kwa kemikali wanapoitenga na selulosi, na tangu mwaka 1962 sehemu yake wanaifanya vanilini, ile ladha ya vanila iliyomo kwenye biskuti na aiskrimu. Nyingine huwekwa kwenye zege ili imiminike vizuri kwa maji machache, na nyingine hutumika kupunguza vumbi barabarani.

Sarpsborg ilinichanganya kuliko pote. Kilo ya lignini ikiwa mafuta ya boila inashindana na mafuta mazito, yaani na kitu cha bei ya chini kabisa katika kinu cha mafuta. Ikiwa vanilini inashindana na vanila ya Bundibugyo na Bukoba, ambayo mkulima huichavusha ua kwa ua kwa mkono. Siwezi kujifanya nimefurahi kwa niaba ya mkulima huyo, ingawa vanilini nyingi ya dunia hata hivyo haitoki kwake wala Sarpsborg. Hutoka kwenye mafuta ghafi. Ila somo la bei liko wazi: kuichoma lignini ni matumizi yake ya mwisho, baada ya kushindwa mengine. Na dunia karibu yote inaanzia hapo mwishoni. Viwanda vya karatasi vinayeyusha lignini kwa mamilioni ya tani kila mwaka, na kadirio linalonukuliwa sana ni kwamba asilimia 2 tu ndiyo inayouzwa kama bidhaa.

Mgololo na Mafinga, Mufindi

Lignini iliyobaki huchomwa, ya Mgololo ikiwemo. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichojengwa miaka ya 1980 kula misonobari na mikaratusi ya Sao Hill, kinatumia njia ya krafti, ambayo Mjerumani Carl Dahl aliisajili mwaka 1884. Mbao hupikwa kwa dawa, nyuzi huondolewa kuwa karatasi, na mchuzi mweusi unaobaki, uliojaa lignini, huchemshwa hadi uwe mzito na kuchomwa kwenye boila maalumu. Boila hiyo hutoa mvuke na kuziokoa dawa zitumike tena. Mtu anayesema Tanzania haina uzoefu wa kushughulika na lignini hajafika Mgololo; angeinusa kabla ya kuiona.

Mgololo haiwezi kuuza mchuzi wake wote bila kujinyima mvuke. Inaweza, kwa teknolojia inayotumika Ulaya, kuchota sehemu: hewa ya kabonidayoksaidi hupulizwa kwenye mchuzi, ukali wa magadi hupungua, lignini huganda na kuchujwa. Na mnunuzi yuko wilaya hiyohiyo. Mafinga imejaa viwanda vya plaiwudi, na gundi ya plaiwudi ya nje hutengenezwa kwa fenoli, ambayo sehemu yake yaweza kubadilishwa na lignini au na lile tope linalotuama chini ya mafuta ya mbao. Finland wanafanya hivyo kibiashara.

Halafu kuna marundo. Kila kiwanda cha kupasua mbao Mafinga kina kilima chake cha vumbi la mbao, maranda na mabanzi. Mabanzi huwa na mteja wa kuni. Vumbi halina mteja wa kutosha, na sehemu yake kubwa hufukuta tu mwaka mzima. Majivu yake ni machache. Limeshasagwa na msumeno. Limekusanyika mahali pamoja, mwaka mzima, bila ng'ombe wa kulidai. Mbao za Hengelo zilikuwa na sifa hizo hizo, na barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya inapita hapo mlangoni.

Hukumu yangu basi haina mahindi wala mpunga ndani yake. Wenye fedha za majaribio waziache taka za mkulima mdogo mahali zilipo, kwa ng'ombe na kwa udongo, mpaka watu wa Karlsruhe wapate bei. Waanze Mufindi kwa vumbi la mbao, katika mtambo mdogo uliobanana na kiwanda chenye moto tayari, na mafuta yake yauzwe kwa boila za karibu zinazotumia mafuta mazito. Tope la lignini lijaribiwe katika gundi ya plaiwudi. Suala la magari lisubiri. Na kabla ya saruji ya kwanza kumwagwa, apelekwe mtu Mafinga na mizani, kipima unyevu na tanuri dogo la kupimia majivu, akae msimu wa kiangazi na wa masika, kisha alete namba.